Mzee wako hatunzwi vizuri kwenye makao ya wazee Marekani: upige hodi mlango upi?

"Anatoa sauti zisizoeleweka." Maneno hayo nimeyakuta mara tatu kwenye faili la shangazi yangu, yote ya usiku mmoja: saa 8, saa 10, kisha alfajiri. Shangazi alipigwa na kiharusi, na kiharusi kikamfutia Kiingereza chote alichookota katika miaka yake ya Marekani, kikamwachia Kiswahili chake cha Mombasa. Sauti hizo nilizijua bila kuwapo. Alikuwa anasema, "Nigeuzeni." Hakugeuzwa. Soksi ya mguu wa kushoto ilipovuliwa, kisigino kilikuwa na kidonda cha kulalia chenye upana wa sarafu ya shilingi 20.

Mimi mwenyewe riziki yangu ni kazi hiyo hiyo ya wazee. Kwa miaka 11 nimegeuza watu vitandani, nimebadilisha nepi, nimelisha kwa kijiko, ingawa si katika makao aliyokuwa shangazi. Majina ya ofisi zinazopokea malalamiko nilikuwa nayajua yote, kwa sababu yamebandikwa ukutani mahali ninapofanyia kazi. Nilichokuwa sikijui ni ofisi ipi inafanya nini hasa. Nikaona jinsi watu wetu wengi wanavyokwama hapo: mwingine anapiga simu kwa wakaguzi wa serikali akitaka mama yake aogeshwe kesho, mwingine anambembeleza meneja mwezi mzima wakati mzee ana michubuko ya vidole mkononi. Wote wawili wamegonga mlango usio wao.

Tena milango hii si ngazi. Huhitaji kuanza wa chini na kushindwa ndipo upande wa juu. Unaweza kugonga miwili siku moja. La kuamua kwanza ni kile unachotaka kitokee: mzee ageuzwe leo usiku, upate mtu wa kusimama nawe, kosa liandikwe na serikali, au familia ilipwe fidia.

Kwanza jua mzee wako yuko wapi kisheria

Nasingi homu, yaani makao yenye wauguzi mchana na usiku na yanayopokea fedha za Medicare au Medicaid (mipango ya serikali ya kulipia matibabu, wa kwanza hasa wa wazee, wa pili wa wenye kipato kidogo), yako chini ya sheria ya serikali kuu ya mwaka 1987 pamoja na kanuni zake. Saa na siku nitakazozitaja hapa ni za makao ya namna hiyo. Zile nyumba ambazo mzee ana chumba chake na anasaidiwa kuoga na kumeza dawa, ambazo wenyewe huziita "assisted living", zinaongozwa na sheria za jimbo, na majimbo hayafanani. Minnesota, kwa mfano, ilianza kuzitolea leseni za aina hiyo Agosti 2021 tu. Wengi husema "nasingi homu" kwa zote, halafu wanashangaa mbona haki fulani waliyosikia haipo.

La pili ni faili. Mkazi, au mwakilishi wake wa kisheria, ana haki ya kuliona faili lake ndani ya saa 24 tangu aombe, bila kuhesabu wikendi na sikukuu, na kupewa nakala ndani ya siku 2 za kazi. Nakala zina malipo kidogo. Liombe kabla hujalalamika popote. Bila faili nisingejua kabisa habari za sauti zisizoeleweka. Ningekuwa na hasira tu, na hasira haina tarehe wala saa.

Malalamiko ya ndani: ya haraka, lakini wanajichunguza wenyewe

"Nilimwambia nesi" si malalamiko. Nasema hivi kama mtu aliyeambiwa mara nyingi koridoni huku mikono imejaa mashuka. Zamu ya asubuhi inaisha saa 9 alasiri, na maneno yako yanatoka na yule uliyemwambia hadi kwenye gari lake. Si ubaya wake. Hakuna mahali yalipoandikwa.

Kila nasingi homu lazima iwe na afisa wa malalamiko, na jina lake lazima ulipate. Unaweza kulalamika kwa mdomo, kwa maandishi, hata bila kujitaja. Mimi nashauri maandishi, na mwishoni uweke sentensi moja: "Naomba uamuzi wenu kwa maandishi." Hiyo ni haki ya mkazi, na makao yanatakiwa kutunza matokeo ya malalamiko kwa miaka 3 angalau. Karatasi hiyo ndiyo utakayoibeba ukienda kwingine.

Nguvu ya mlango huu ni kasi. Ndio pekee unaoweza kubadilisha usiku wa leo. Kengele imewekwa mbali na mkono wa mzee, jagi la maji liko upande uliopooza, nguo zimepotea dobi, chakula kinafika baridi: hayo yamalizwe hapa. Udhaifu wake unaonekana bila kuambiwa, kwa kuwa aliyekosea na anayechunguza wanalipwa na mfuko mmoja.

Pamoja na malalamiko, omba kikao cha mpango wa matunzo. Hili ndilo jambo ningependa kila familia yetu ilijue, na ndilo nimeona likirukwa zaidi ya yote. Kila mkazi ana mpango ulioandikwa: ale nini, aogeshwe mara ngapi, anyanyuliwe na watu wangapi, ageuzwe baada ya saa ngapi. Huna haja ya kungoja tarehe yao, unaweza kuomba kikao hali ikibadilika. Kama mpango unasema "ageuzwe kila saa 2" na hakugeuzwa, kosa linaonekana kwenye karatasi zao wenyewe. Kama mpango hausemi, ni neno lako na neno lao. Kwa hiyo kabla ya kuwashtaki watu kwamba hawafanyi, hakikisha imeandikwa kwamba wafanye.

Ombudsmani: hana rungu, ana kiti

Jina linatisha, kazi yake ni nyepesi kueleza: ni mtetezi wa wakazi. Mpango huu ulianza kama jaribio mwaka 1972, na tangu 1978 sheria inataka kila jimbo liwe na ofisi hiyo. Huduma ni bure, na haina uhusiano na mambo ya uhamiaji. Wengi wanaozunguka kwenye makao ni watu wa kujitolea waliopewa mafunzo. Wana haki ya kuingia na kuzungumza na mkazi faraghani.

Tofauti yake na afisa wa ndani ni kwamba hafanyi kazi kwa ajili ya makao. Tofauti ya pili ni ngumu zaidi kwetu: hafanyi kazi kwa ajili yako pia. Anamfanyia mzee. Hawezi kutaja jina la mkazi wala lako bila ridhaa, na mzee mwenye akili zake akisema "basi, niacheni", anaacha, hata kama wewe kifungua mimba umesafiri kutoka jimbo la tatu na hutaki kusikia neno basi. Nimeona kaka wakubwa wakikasirika sana hapo. Mzee akiwa hawezi kueleza anachotaka, mwakilishi wake husema kwa niaba yake, ndiyo maana hati ya uwakilishi iandaliwe wakati mzee bado anaweza kutia saini.

Ombudsmani hawezi kutoza faini. Hawezi kufunga makao. Anachoweza ni kuvuta kiti na kukaa upande wako kikaoni. Usidharau hilo. Nilipokwenda peke yangu kumweleza mkuu wa wauguzi habari ya kisigino, alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, akasema watalifuatilia. Siku tano baadaye nilirudi na mama mmoja mwenye mvi na kitambulisho cha ombudsmani shingoni. Mkuu yule yule alikaa, akafungua daftari, akaandika tarehe juu ya ukurasa kabla hatujasema kitu.

Kama Kiingereza chako kinakutosha, jambo ni dogo na huogopi, anza ndani peke yako. Ukiwa na woga wa aina yoyote, au umeshaambiwa "tutaangalia" mara mbili, mwite ombudsmani mapema. Namba yake lazima ibandikwe ndani ya makao. Usipoiona, piga 1-800-677-1116, namba ya taifa inayoelekeza watu kwenye huduma za wazee za eneo lao.

Wakaguzi wa jimbo: wanaandika kosa, hawamalizi kesi yako

Hapa ndipo watu wanapochanganya zaidi, wakidhani ombudsmani na wakaguzi ni kitu kimoja. Wakaguzi, ambao mara nyingi wako chini ya idara ya afya ya jimbo, hufika bila taarifa, husoma mafaili, hutazama watu wakila na wakihudumiwa, huhoji wafanyakazi. Swali lao ni moja: je, kanuni imevunjwa? Kama shangazi yako amefurahi au bado analia si swali lao.

Ombudsmani anaweza kuja wiki hii kwa sababu ya nguo zilizopotea. Wakaguzi hupanga malalamiko kwa uzito. Lenye hatari kwa maisha linafuatwa katika siku chache, jepesi linaweza kungoja hata ukaguzi wa kawaida, ambao kila makao hupata angalau mara moja katika miezi 15. Ombudsmani anahitaji ridhaa, wakaguzi hawaihitaji. Ombudsmani anapatanisha. Wakaguzi wakikuta kosa wanaliandika kama kasoro, kasoro hiyo inapewa herufi kuanzia A hadi L kulingana na ubaya na kuenea kwake, na makao yanapewa siku 10 kuleta mpango wa kurekebisha. Ripoti lazima iwekwe mahali ambapo wakazi na wageni wanaweza kuisoma, na inaingia kwenye hesabu ya nyota 1 hadi 5 ambazo Medicare huwapa makao kwenye tovuti yake. Kosa likiwa kubwa huja faini, au malipo ya wakazi wapya yanasimamishwa.

Wewe binafsi hupati senti. Unachopata ni kwamba jambo limetoka nje ya kuta, na mama wa mtu mwingine kwenye chumba cha jirani analindwa bila kujua jina lako.

Ukiamua kwenda kwao, andika kama shahidi. Nilichoandika mara ya kwanza kilikuwa hiki: "Wanamtesa shangazi yangu, hawamjali, wanampuuza kwa sababu hajui Kiingereza." Kilikuwa kweli tupu, na mkaguzi asingekuwa na pa kuanzia. Nikakifuta, nikaandika: "Mpango wa matunzo unataka ageuzwe kila saa 2. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10, faili halionyeshi kugeuzwa kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Muuguzi ameandika mara tatu kwamba anatoa sauti zisizoeleweka. Asubuhi ya tarehe 10 kidonda kimeonekana kisigino cha kushoto. Mkalimani hakuitwa." Ukiongeza namba ya chumba na majina uliyoyasoma kwenye beji, mkaguzi anajua afungue ukurasa gani.

Ukijibiwa kwamba malalamiko hayakuthibitishwa, usisome kwamba umeitwa mwongo. Maana yake ushahidi haukupatikana siku waliyokwenda. Unaweza kulalamika bila jina, lakini hapo hawatakuwa na wa kumpigia wakitaka kuuliza zaidi.

Mambo yasiyongoja

Kipigo, kuguswa kingono, kufungwa kwenye kiti, fedha kuibwa, mvunjiko au michubuko ambayo hakuna anayeweza kuieleza: hapa usilinganishe kitu. Mzee akiwa hatarini sasa hivi piga 911. Mpige picha, dai aonwe na daktari, kisha piga namba ya dharura ya jimbo ya unyanyasaji wa wazee. Minnesota wana kituo kimoja kinachopokea simu hizo saa 24.

Makao yenyewe yanabanwa. Tuhuma ya unyanyasaji, au tukio lililoleta jeraha kubwa, lazima liripotiwe kwa jimbo ndani ya saa 2, na tuhuma nyingine za kutelekezwa ndani ya saa 24. Matokeo ya uchunguzi wao yapelekwe ndani ya siku 5 za kazi. Kwa hiyo ukimaliza kumweleza msimamizi, muulize hapo hapo: "Mtaripoti saa ngapi?" Rudi kesho yake uulize wameripoti saa ngapi.

Wakili

Mlango huu ni wa fedha na uwajibikaji, na haumsaidii mzee aliyelala na nepi iliyoloa leo. Jeraha likiwa kubwa au mzee akifariki, usichelewe, maana kila jimbo lina muda wake wa kufungua kesi na muda ukipita umepita. Tafuta ile hati ya usuluhishi, inayosema mgogoro uamuliwe na msuluhishi badala ya mahakama, iliyokuwa katikati ya lundo la karatasi ulizotia saini siku ya kuingia. Kwa kanuni ya mwaka 2019, makao hayawezi kukulazimisha kuitia saini ili mzee apokewe, na ukishaitia una siku 30 za kuifuta. Sisi tuliitia saini tukidhani ni lazima. Muda wa kuifuta ulikuwa umekwisha tulipoisoma.

Mlango wa lugha, ambao sisi tunausahau

Makao yanayopokea fedha za serikali kuu lazima yatoe mkalimani bila malipo, hata kama ni kwa simu, na mkazi ana haki ya kuelezwa hali yake kwa lugha anayoielewa. Mjukuu wa miaka 12 si mkalimani, wala mpishi wa jikoni anayetoka Goma. Haki hii ikivunjwa, malalamiko hupelekwa Ofisi ya Haki za Kiraia ya wizara ya afya ya Marekani ndani ya siku 180. Ni mlango wa polepole. Lakini neno "mkalimani" likitajwa kikaoni pamoja na sheria yake, mambo huanza kusogea, kwa sababu kumwita ni rahisi kuliko kueleza kwa nini hakuitwa.

Na woga

"Nikiwaudhi, nani atamgeuza usiku?" Mke wa mjomba alinishika mkono akaniuliza hivyo, na sikuweza kumwambia anawaza vibaya. Kanuni inakataza kumlipizia kisasi mkazi aliyelalamika. Haiwezekani pia kumtoa mzee kwa simu ya jioni: kwa kawaida lazima itolewe notisi ya maandishi siku 30 kabla, yenye sababu, nakala iende kwa ombudsmani, na mna haki ya kukata rufaa. Kwa sisi tunaofanya kazi ndani ya makao haya, sheria inatutaka turipoti tukishuku uhalifu, na inamkataza mwajiri kutuadhibu kwa hilo.

Ila kanuni haikai kando ya kitanda saa 8 usiku. Nitakachosema kutokana na miaka yangu 11 ni hiki: mzee ambaye ndugu zake huja saa zisizotabirika, wanawajua wahudumu kwa majina na wanauliza maswali kwa upole bila kuchoka, huangaliwa zaidi, si kidogo zaidi. Nimeyaona hayo kwenye zamu zangu mwenyewe, na mengine sipendi kuyakumbuka.

Sisi tulianza ndani, na siku hiyo hiyo tukampigia ombudsmani. Kwa wakaguzi tulikwenda wiki mbili baadaye, kidonda kilipoonekana kimeongezeka kina. Wakili hatukumwita, na ndugu wawili mpaka leo hawakubaliani na uamuzi huo. Kikaoni mpango ulibadilishwa: kisigino kiinuliwe juu ya mto, ageuzwe kila saa 2 na aliyemgeuza atie saini, mkalimani wa simu aitwe kila tathmini ya muuguzi.

Kadi ya maneno niliiandika mimi: maji, choo, naumwa, nimeshiba, nigeuzeni. Usiku wa kwanza mhudumu wa zamu, mwanamke wa Liberia, aliisoma kwa sauti neno moja moja huku shangazi akimtazama midomo. Alipofika la mwisho akaniuliza mbona kwenye simu mkalimani alisema "nigeuze". Nikamweleza kwamba hilo anaambiwa mtu mmoja, na "nigeuzeni" wanaambiwa wengi. Akachukua kalamu yake nyekundu, akakata herufi mbili za mwisho, akapitisha mkono mmoja chini ya bega la shangazi na mwingine chini ya nyonga.